Kijiti cha puani: maabara ya Kigali inasoma nini?



Nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuhimiza wenye homa na kikohozi waende kituo cha afya, mama mmoja mzee aliniambia: "Mwanangu, dawa nitakuja kuchukua, lakini kile kijiti cha puani sikitaki. Wanakipeleka Kigali kuangalia sisi ni wa kabila gani." Sikucheka. Sisi tuliokimbia Kongo tunajua kuulizwa kabila kulitufikisha wapi. Kwa hiyo nimeona nieleze hapa kinachosomwa, kwa sababu si yeye peke yake anayesema hivyo.

Kila kirusi kina maandishi ndani yake, yanayoitwa jenomu. Ni maagizo ya kukitengeneza upya. Yameandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa: kwa kirusi cha korona ni herufi kama 30,000, kwa kirusi cha influenza kama 13,500. Kirusi kikizaliana mwilini hukosea herufi moja moja, kama mwanafunzi anayenakili somo ubaoni. Mwenzake akinakili kutoka daftari lile, anachukua kosa lile lile na kuongeza lake. Mwalimu akikuta makosa yale yale katika madaftari mawili, anajua nani yuko karibu na nani. Ndivyo maabara inavyojua virusi gani ni ndugu.

Je, na mwili wako? Ni kweli kijiti hubeba pia chembe chache zako. Lakini kazi hii inatafuta maandishi ya kirusi, na vipande vya binadamu vinavyojitokeza huondolewa kabla ya kulinganisha. Katika herufi za kirusi hakuna inayotaja kabila, wala nchi uliyozaliwa. Ndiyo maana muuguzi anakuuliza kwa mdomo kama ulisafiri karibuni: kirusi chenyewe hakiwezi kumwambia.

Mfano tunao hapa hapa Rwanda. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Baadaye wataalamu wa Rwanda, pamoja na Chuo Kikuu cha Liège cha Ubelgiji, walisoma jenomu 203 za virusi vilivyokuwa vikizunguka nchini kati ya Mei 2020 na Februari 2021. Waliona aina iitwayo A.23.1, iliyogunduliwa kwanza Uganda, ikichukua nafasi ya zile za mwanzo. Kwa abiria waliopimwa uwanja wa ndege wa Kigali, walikuta kwa mara ya kwanza nchini aina mbili zilizokuwa zikitisha dunia, ile iliyoonekana kwanza Uingereza na ile ya Afrika Kusini. Waliona pia kwamba virusi vingi viliingia kutoka nchi jirani.

Hapo najua wengine watasema: "Si mnaona, wageni ndio wanaoleta!" Hapana. Utafiti ule ulifuata njia ya kirusi, haukutafuta mkosaji. Mpakani hupita madereva wa malori, wafanyabiashara, watu wanaotoka mazishini. Na kirusi hutoka nchini kama kinavyoingia.

Faida yake ni nini kwetu? Kirusi kikibadilika sana, kipimo cha zamani kinaweza kushindwa kukiona, na chanjo ya zamani ikapungua nguvu. Kwa influenza, Shirika la Afya Duniani huchagua mara mbili kila mwaka aina zitakazowekwa kwenye chanjo, kwa kuangalia virusi vilivyokusanywa nchi nyingi. Kambi isiyopimwa haionekani katika hesabu hiyo.

Mjue pia jambo moja ambalo mara nyingi hatuwaambii: majibu ya jenomu kwa kawaida hayarudi kwako. Huchukua siku, pengine wiki, na hayabadilishi dawa utakayopewa. Una haki ya kumuuliza muuguzi, kabla hajakugusa, kijiti kinapelekwa wapi na kupimwa nini. Akikujibu haraka haraka, muulize tena.

Na kama mtoto anapumua kwa haraka, kifua kikizama ndani, au anakataa kunyonya, usingoje habari yoyote ya Kigali. Mlete kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku.