Sindano ya Moto kwa Mgongo Unaouma

Hapa kwetu Ngulyati hakuna asiyeijua kazi ya pamba. Twapanda kwa kuinama, twapalilia kwa kuinama. Basi si ajabu mtu wa makamo kuamka asubuhi ameshika kiuno. Wengi hupona baada ya wiki chache. Lakini wapo ambao maumivu hukaa nao miaka, na habari zao ndizo nataka tuzungumze leo.

Siku moja mzee mmoja aliingia katika ofisi ya parokia, akaketi upande kwenye benchi. Baada ya kuamkiana alinipa karatasi aliyoletewa na mwanawe kutoka mjini. Akasema, "Mwanangu karani, nisomee. Ati iko tiba ya kuchoma mishipa kwa mawimbi ya redio. Je, niuze ng'ombe wawili niende? Nao wakiuchoma mshipa, mguu wangu hautakufa?"

Maswali hayo ni ya mtu mwenye busara, nasi yafaa tuyajibu.

Mgongo ni pingili nyingi zilizopangwa. Kwa nyuma, kila pingili hushikana na mwenzake kwa viungo viwili vidogo. Viungo hivyo vikichakaa huuma, na mishipa midogo sana ya fahamu huupeleka ujumbe wa maumivu hadi ubongoni. Mishipa hiyo siyo ile inayouendesha mguu. Daktari huichoma hiyo midogo tu.

Afanyaje? Mgonjwa hulala kifudifudi, hutiwa ganzi, na daktari huingiza sindano nyembamba huku akitazama njia yake kwa eksirei. Kwanza hupitisha umeme mdogo kuhakikisha kwamba hakuukaribia mshipa wa mguu. Kisha mawimbi ya umeme, jamaa ya yale yaletayo sauti redioni, huipasha moto nyama iliyo kwenye ncha ya sindano hadi kiasi cha digrii 80, kwa dakika moja au moja na nusu. Mshipa huacha kupeleka habari. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Daktari Norman Shealy wa Marekani alianza kuwatibu watu wa mgongo kwa njia hii katika miaka ya 1970.

Lakini, msomaji, usikimbilie kufungua zizi. Kwanza, mshipa huota tena. Nafuu mara nyingi ni ya miezi sita hadi mwaka, pengine zaidi, kisha huenda maumivu yakarudi. Pili, haimfai kila mtu. Kabla ya kuchoma, daktari mwangalifu hujaribu kwa sindano ya ganzi tu; maumivu yasipopungua kwa saa chache, kuchoma hakutasaidia. Tatu, mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi walitangaza habari za wagonjwa 681: waliochomwa mishipa pamoja na kufanya mazoezi hawakupata nafuu kubwa kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Wako madaktari wanaobishana nao, wakisema wagonjwa hawakuchaguliwa vema. Hata hivyo hilo ni onyo kwa mwenye ng'ombe wawili.

Tena shurti tujue mgongo unauma kwa nini. Kifua kikuu huweza kula pingili. Maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa huleta brusela, nayo huumiza viungo na kiuno. Magonjwa hayo yana dawa zake, na sindano ya moto siyo mojawapo. Ukiona homa, kukonda, miguu kulegea, ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo kukushinda, usingoje mwisho wa mavuno: nenda hospitali leo hii. Mwingine naye aanzie zahanati, afuate barua ya daktari hadi Bugando kule Mwanza ikibidi. Na asilale kitandani mchana kutwa, kwa maana mgongo usiotumika huzidi kukakamaa.

Liko jambo moja zaidi. Maumivu haya hayana kidonda cha kuonyesha. Kwa hiyo jirani humwita mgonjwa mvivu, na mgonjwa naye usiku huanza kujiuliza ni nani aliyemroga. Hapo ndipo nyumba nyingi zimevunjika, na bibi wazee wasio na hatia wametiwa hofu. Sisi tunaojua kwamba maumivu hupita katika mshipa mwembamba kama uzi hatuna udhuru wa kumtafuta mchawi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, yuko mama aliyepinda mgongo miaka 18. Bwana hakumwambia avumilie mpaka kesho, ingawa siku ile ilikuwa Sabato. Alimwita, akamwekea mikono.

Mzee wetu hakuuza ng'ombe. Nilimwandikia maneno machache ya kumpelekea mganga wa zahanati, na mwanawe akaahidi kuja kumsaidia kupalilia. Je, nyumbani kwako ni nani ashikaye kiuno kila asubuhi, nawe hujamwuliza?