PROGRAMU NAYO YATAKA UNADHIFU, MSHIKAJI!

USICHEKE! Mimi na mshikaji wangu hapa Kongwa tulikesha siku mbili tukisaka kosa la jina moja tu. Tulikuwa tunamwandikia mzee mmoja wa mahindi pale Kibaigwa programu ya kuhesabu magunia, kwa lugha ya Python. Mimi niliandika jumla_magunia. Mwenzangu, kwa kujiona mjanja, jumlaMagunia. Kwa binadamu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni viwili kabisa. Mzee kufungua, anasoma sifuri, huku ghala limefurika! Kasheshe.

Ndiyo maana wakali wa Python walijiwekea kanuni, PEP 8, tangu 2001: majina kama hayo herufi ndogo, maneno yaungwe kwa mstari wa chini, na mstari usizidi herufi 79. Si ulimbwende, jamani. Mwaka 2014 Apple waliumbuka: mstari mmoja ulirudiwa kimakosa, haukufungwa kwa mabano, ukaguzi wa usalama kwenye iPhone ukarukwa. Mabano tu!

Sasa tumebandika kanuni zetu ukutani. Mshikaji kanuna, eti namfanya mwanafunzi. Anune tu, mzee keshalipa nusu.