Mama, Unaweza Kuinuka Bila Kushika Kiti?

Jumapili moja, baada ya sala ya toba, wenzangu wote waliinuka wakaketi, mimi nikabaki nimepiga magoti. Si kwamba nilikuwa nimezama katika maombi. Nilishindwa kuinuka! Nilijaribu mara ya kwanza, magoti yakalegea. Nikajaribu mara ya pili, nikalishika benchi la mbele kwa mikono miwili na kujivuta kama mtu anayepanda mti. Dada aliyekaa karibu nami, akidhani nimeguswa sana na mahubiri, akanipa leso nifute machozi. Niliipokea kwa aibu.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 43. Ni muuguzi kwa kazi, na kwa miaka mingi nimewageuza wagonjwa vitandani na kuwainua wengine waliokuwa wazito kuliko mimi. Sikuwa mgonjwa. Nilijiambia maneno ambayo akina mama wengi hujiambia: "Ni umri tu."

Pengine ningeendelea kujiambia hivyo kama si bibi mmoja wa kanisani kwetu. Kikundi chetu cha akina mama kina desturi ya kuwatembelea wazee na wagonjwa kila Jumamosi, na bibi huyo alikuwa kipenzi chetu. Usiku mmoja aliinuka kwenda chooni, akayumba, akaanguka, akavunjika mfupa karibu na nyonga. Tulipokwenda kumwona, mkwewe alitueleza kwamba kwa karibu mwaka mzima bibi hakuweza kuinuka mwenyewe kutoka kwenye kigoda chake. Wajukuu walikuwa wakimvuta mikono, huku wakicheka naye. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kushughulikia. Wote walisema, "Ni uzee tu."

Tangu siku hiyo bibi hajatembea tena kwenda kanisani. Mchungaji humpelekea Meza ya Bwana nyumbani.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mfupa ulivunjika usiku mmoja, lakini nguvu za miguu zilikuwa zimepungua kwa muda mrefu, nasi tulikuwa tukitazama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nguvu hupungua vipi?

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, misuli ya mwili huanza kupungua kidogo kidogo isipopewa kazi ya kutosha, na baada ya miaka 60 hupungua kwa kasi zaidi. Kwetu sisi wanawake kuna jambo la pili. Hedhi inapokoma, homoni iitwayo estrojeni hupungua sana mwilini. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuilinda mifupa, kwa hiyo katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma mifupa hupoteza uimara wake upesi. Basi mama anapofika uzeeni, miguu inayomzuia asianguke imedhoofika, na mifupa inayopokea anguko nayo imedhoofika.

Misuli ina faida nyingine pia. Ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari inayoingia katika damu baada ya kula. Misuli yenye nguvu na yenye kazi humsaidia mtu kujikinga na kisukari, na humsaidia aliye nacho tayari kukidhibiti.

Habari njema ni kwamba misuli haikatai kufundishwa kwa sababu ya umri. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika makao ya wazee. Waliwafanyisha mazoezi ya nguvu ya miguu wazee wenye umri wa miaka 90 hivi, kwa muda wa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Wazee hao walitumia vyuma vya kuinua, lakini kanuni ni ileile hata kama uzito unaouinua ni mwili wako mwenyewe. Msuli unaopewa kazi ngumu kidogo kuliko ulivyozoea hujijenga. Unaoachwa hunyauka.

"Lakini mimi nafanya kazi kutwa!"

Nilipolizungumzia jambo hili katika kikundi chetu, mama mmoja alisimama akasema, "Dada Muuguzi, mazoezi ni ya watu wa ofisini. Mimi naamka saa kumi na moja, nafagia, nafua, nabeba maji. Mazoezi gani tena?"

Ni kweli, na anayelima au kuchota maji kila siku anautumikisha mwili wake. Lakini tuangalie kwa makini. Kufua na kuosha vyombo huuchosha mgongo ulioinama na mikono, huku mapaja yakifanya kazi kidogo. Ndoo ni ileile miaka yote, hivyo mwili ukishaizoea hauna sababu ya kuongeza nguvu. Tena wengi wetu tunaoishi mjini tuna bomba uani na jiko la gesi, tunapanda bodaboda hadi sokoni, kisha tunakaa dukani au kwenye cherehani mpaka jioni. Tunarudi tumechoka kweli, lakini uchovu si sawa na nguvu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote ya mwili angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea na shughuli nyingine. Waliofikia miaka 65 wanashauriwa kufanya mazoezi ya nguvu pamoja na ya kusimama imara siku 3 au zaidi.

Mama mwingine aliuliza kama Mtume Paulo hakumwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili si kitu. Tulifungua Biblia tukasoma pamoja. Paulo aliyapima mazoezi na utauwa, akauweka utauwa juu, nasi tunauweka juu vilevile. Lakini hakusema mazoezi hayana faida yoyote. Na yule mke mwema wa Mithali 31, ambaye tunahubiriwa habari zake kila mara, husifiwa pia kwa nguvu za mikono yake.

Kabla ya kuanza

Huhitaji vifaa vya kununua. Unahitaji kiti imara, ukuta na mkeka. Kiti kiwe cha mbao, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Viti vyepesi vya plastiki havifai. Vaa nguo isiyobana, na khanga ifungwe vizuri isije ikakukwaza. Sakafu isiwe na maji.

Usibane pumzi unapotumia nguvu, maana hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Toa pumzi unaposukuma au kuinuka, vuta unaporudi. Ukihesabu kwa sauti hutaweza kubana pumzi.

Mwone kwanza mganga au muuguzi kama una shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, ugonjwa wa moyo, ngiri, kizazi kinachoshuka, au kama umejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, acha mara moja ukatafute msaada. Misuli kuuma kidogo siku moja au mbili baadaye ni kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali ya ghafla ndani ya goti au mgongo si kawaida.

Mazoezi matano ya nyumbani

1. Kuketi na kuinuka. Keti nusu ya mbele ya kiti, nyayo zikanyage chini, miguu ipanuke kama upana wa nyonga. Kunja mikono kifuani. Inama mbele kidogo, inuka mpaka usimame wima, kisha keti taratibu ukihesabu mpaka 3. Usijitupe kitini, kwani kule kushuka polepole ndiko kunakojenga mapaja. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, au jisaidie kwa mikono mwanzoni.

2. Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua. Kunja viwiko, usogeze kifua karibu na ukuta huku mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kisha jisukume urudi. Likiwa jepesi, sogeza miguu nyuma zaidi. Likizidi kuwa jepesi, tumia ukingo wa meza nzito isiyosogea. Zoezi hili hujenga mikono, mabega na kifua.

3. Kuinua nyonga. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Kaza makalio uinue nyonga mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini. Hesabu mpaka 3, shuka taratibu. Zoezi hili huimarisha makalio na sehemu ya chini ya mgongo, ile inayotuuma tukimaliza kufua. Mama mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza aliache.

4. Kuchuchumia. Simama nyuma ya kiti, ukishike kidogo. Inuka juu ya vidole vya miguu, kama mtu anayetaka kufikia sukari juu ya kabati, kaa hapo kidogo, ushuke polepole. Baadaye jaribu kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, mkono ukiwa karibu na kiti. Haya ndiyo yanayokuzuia usianguke unapojikwaa gizani.

5. Kukaza misuli ya chini. Hili tunaliongea kwa sauti ndogo, lakini ni lazima liongelewe. Wapo akina mama ambao mkojo huwaponyoka wakikohoa, wakicheka au wakiinua ndoo, nao wameacha kuimba kwaya au huketi karibu na mlango kwa hofu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandikia mazoezi ya misuli hii mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo ya kwanza kushauriwa. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, bila kukaza tumbo wala mapaja. Shikilia kwa kuhesabu mpaka 5, legeza kwa kuhesabu mpaka 5. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna atakayejua, hata ukiwa ndani ya daladala. Usiyafanye wakati wa kukojoa, na usikate tamaa, kwa kuwa huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kuona matokeo. Tatizo likiendelea, nenda hospitali bila aibu.

Ratiba ya mama mwenye kazi nyingi

Mazoezi manne ya kwanza yafanye siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati ni za kupumzika, maana misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Anza na mara 5 kwa kila zoezi, pumzika dakika moja, rudia mara 5 tena. Haichukui zaidi ya dakika 15, pengine wakati maharage yanachemka. Wiki zinavyopita ongeza mpaka ufikie mara 10, kisha 15. Ukifika hapo bila taabu, lifanye zoezi kuwa gumu zaidi, kwa mfano kwa kutumia kigoda kifupi badala ya kiti. Nyongeza hiyo ndiyo siri yenyewe.

Kumbuka pia kwamba misuli hujengwa na chakula. Maharage, dagaa, mayai, maziwa na karanga visiwe vya baba na watoto peke yao. Akina mama wengi hujipakulia ugali na mchuzi uliobaki. Nawe ujipakulie.

Jipime

Keti kitini, mikono ikunjwe kifuani, mtu mwingine ashike saa. Inuka na kuketi mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anatarajiwa kufikisha angalau mara 12, wa miaka 65 hadi 69 mara 11, na wa miaka 70 hadi 74 mara 10. Aliye chini ya hapo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na asiambiwe kwamba ni uzee tu. Aanze mazoezi akiwa na mtu wa kumsimamia. Nasi tulio chini ya miaka 60 tusitosheke na idadi hizo.

Mimi nilipojipima mara ya kwanza niliishia 9, nikakaa kitini nikihema. Nilianza na mara 5 chumbani, pazia limeshushwa, maana watoto walikuwa wakinicheka. Baada ya miezi mitatu nilifika 15. Siku hizi nikipiga magoti kanisani, najua nitainuka, na akili yangu hubaki katika sala.

Na yule bibi wetu? Mfupa wake haukurudi kama zamani. Lakini mkwewe alianza mazoezi, na Jumamosi tunapofika pale nyumbani tunafanya sote uani, bibi akiwa kitini chini ya mwembe akituhesabia. Akiona tumelegea huirudia namba ileile mpaka tunyooke. Juzi alimwita mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka 16, akamwambia aje asimame nasi mstarini.

Mama mwenzangu, weka gazeti hili chini sasa hivi. Kunja mikono kifuani, uinuke. Kama umeweza, mshukuru Mungu na uilinde nguvu hiyo. Kama hukuweza, usione haya. Weka mto kitini, uanze leo na mara 5. Bwana akutie nguvu.