Kabla ya Vidonge, Muulize Shangazi

Kila muhula ukianza, mjadala unarudi hosteli: vidonge vya majira vinagandisha damu. Mmoja anasema ni uzushi, mwingine anaapa jirani yao kafa. Mimi ni mtoto wa Kahama, nasoma famasia, na jibu langu huwaudhi wote wawili: ni kweli, ila kwa wachache.

Mkosaji ni estrojeni, iliyomo kwenye vidonge vyenye homoni mbili. Inalisukuma ini litengeneze protini nyingi zaidi za kugandisha damu. Bonge likijijenga kwenye mshipa wa ndani wa mguu, mguu unavimba na kuuma. Likikatika likapanda mapafuni, pumzi inakata, na mtu anaweza kufa. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, 1 hadi 5 hupata bonge kwa mwaka. Wanaotumia ni 3 hadi 9. Wajawazito? 5 hadi 20, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua ni mbaya zaidi. Kwa hiyo anayekimbia vidonge akaishia na mimba asiyoitaka hajalikimbia bonge.

Sasa urithi. Vitabu vinapenda kutaja Fakta V Leiden, kasoro iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 1994. Wazungu wapatao 5 katika 100 wanayo; kwetu ni nadra sana. Cha kwetu Kanda ya Ziwa ni selimundu. Damu ya mgonjwa wa selimundu huganda kirahisi, na hata mbebaji, yule asiyeumwa chochote, hatari yake ya bonge la mapafu iko juu kidogo. WHO haiwakatazi vidonge moja kwa moja, lakini kwa mwenye ugonjwa huo kijiti au njia nyingine isiyo na estrojeni ndiyo ya kufikiria kwanza. Aliyewahi kupata bonge mwenyewe, au aliyepimwa akakutwa na kasoro ya kurithi ya kugandisha damu, huyo vidonge vya homoni mbili aviache kabisa.

Kumpima kila msichana vinasaba hakushauriwi; ni ghali na kasoro zenyewe ni chache. Kipimo chetu ni swali: nani kwenu aliwahi kugandwa na damu? Hapo ndipo Shinyanga tunakwama. Ukiuliza hivyo nyumbani utajibiwa hakuna. Muulize shangazi kwa namna nyingine: nani mguu wake mmoja ulivimba, ikasemwa amekanyaga dawa? Nani alianguka akafa siku chache baada ya kujifungua, watu wakaanza kutafuta mchawi? Si kila kisa ni bonge, lakini mhudumu wa uzazi wa mpango anastahili kukisikia. Na wengi wetu wazazi wetu walikutana machimboni, Nyarugusu au Kakola; upande wa baba tunajua jina tu. Piga simu huko pia.

Jambo jingine ni kuficha. Mtu anameza vidonge nyumbani hawajui, sawa, ni siri yake. Lakini umekaa kwenye basi kutoka Geita hadi Dar, umeshuka mguu mmoja umevimba, au kifua kinachoma ukivuta pumzi: nenda hospitali siku hiyohiyo, na mwambie daktari unatumia vidonge gani hata asipouliza. Mama akiwa amesimama pembeni, omba atoke kidogo.