Usiandike "Pete ya Enzi za Vita" Kabla Hujasoma Muhuri

Mimi nauza vito vya zamani mtandaoni, niko Uingereza. Leo nawapa somo lililonigharimu pauni 160.

Nilinunua pete ya uchumba sokoni. Aliyeniuzia akaapa ni ya bibi yake, alivishwa mwaka 1943. Nikaamini, nikapiga picha, nikaandika: "Pete halisi ya enzi za Vita Kuu ya Pili." Siku mbili tu ikanunuliwa na kaka mmoja aliyetaka kuchumbia nayo. Wiki haijaisha, ujumbe ukaingia: "Dada, samahani, hii pete ina alama ya taji. Una uhakika na huo mwaka?"

Nikaangalia tena picha zangu. Kweli, taji lipo, pembeni 375. Hapa Uingereza, dhahabu ya karati 9 ilianza kugongwa taji mwaka 1975. Zamani iligongwa 9 na .375, bila taji. Pete ya "bibi" ilikuwa changa kuliko vita kwa miaka 30 na zaidi! Nikarudisha hela yote, na gharama ya posta juu yangu.

Tangu siku hiyo, kabla sijaposti naangalia mambo haya:

1. Madini. Marekani ilipoingia vitani, platinamu ilihitajika kwa kazi za vita, ikapigwa marufuku kwenye vito. Masonara wakahamia kwenye dhahabu ya njano, dhahabu nyekundu yenye shaba nyingi, na paladiamu. Ukiambiwa pete ya platinamu ilitengenezwa Marekani mwaka 1943, uliza maswali.

2. Uzito. Uingereza kuanzia 1942 pete za ndoa zilitengenezwa kwa kipimo cha serikali: karati 9, nyembamba, nyepesi. Kwa hiyo wepesi peke yake usikutishe, wala usikufanye ushushe bei.

3. Jiwe. Almasi nyingi za wakati huo ni ndogo. Fundi alizizungushia kibati chenye pembe zinazong'aa ili zionekane kubwa. Picha ipigwe kwa karibu, na mteja aambiwe ukubwa wa jiwe lenyewe, siyo wa kibati.

4. Yakuti. Usidhani jiwe la zamani lazima litoke ardhini. Yakuti za kutengenezwa zilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ukiona mistari iliyopinda ndani ya jiwe kwa lenzi ya mara 10, hiyo imetengenezwa na mtu. Huna uhakika? Mpelekee sonara.

5. Herufi ya mwaka. Muhuri wa Uingereza una alama ya mji, nanga ni Birmingham na kichwa cha chui ni London, pamoja na herufi inayobadilika kila mwaka. Linganisha na jedwali la mji huo huo, maana herufi moja inaweza kumaanisha miaka tofauti kwa miji tofauti.

Na kama haina muhuri kamili? Zipo nyingi za namna hiyo, zimegongwa "18ct" na "PLAT" tu. Hapo naandika: "Mtindo wa miaka ya 1940, mwaka haujathibitishwa." Neno "mtindo" linaniokoa. Hadithi ya bibi naiweka pia, ila naandika wazi kwamba ni maneno ya aliyeniuzia.

Bei inashuka kidogo, sikatai. Lakini pete ya uchumba siyo sufuria. Mtu anaivisha mbele ya wazazi na kuisimulia maisha yake yote. Ukimuuzia uongo, anausimulia yeye bila kujua.

Yule kaka? Miezi miwili baadaye alirudi, akachukua pete nyingine. Aliniambia, "Dada, ulirudisha hela bila kubishana."

Wewe unauza nini ambacho umri wake unauchukua kwa maneno tu? Tuambiane hapo chini.