KUONGOZA BILA MUSHAHARA: MUFANO WA CHAMA CHA WAANDISHI WA SAYANSI



Kila mwaka, siku ya kuchagua komite mupya inapokaribia, tunasikia ulizo lilelile katika darasa na hata kwenye bomba la maji: «Huyu prezida na huyu sekretere, wanakula nini pale?» Wengine wanajibu kwamba hawakuli kitu, ni watu wa kupoteza wakati tu. Wengine wanasema hapana, hakuna mutu anayetumika bure, lazima kuna feza imefichwa pahali. Sisi wa komite ya bulletini hatukubali jibu la kwanza wala la pili. Lakini kwa kujitetea sisi wenyewe hatutasadikiwa. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza jambo hili kwa mufano wa mbali kidogo, ni kusema chama cha watu wanaofanya kazi inayofanana na yetu, lakini kwa namna kubwa zaidi: waandishi wa sayansi wa Marekani.

MWANDISHI WA SAYANSI NI NANI?

Si profesa, na si munganga. Ni mutu anayekwenda kwa profesa na kwa munganga, anawauliza, anasoma vitabu vyao, kisha anaeleza mambo yao kwa maneno ambayo muuza samaki na mwenye duka wanaweza kufahamu. Kazi hii inaonekana ndogo mupaka siku mambo yanapoharibika. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kutoka mwaka 2018 mupaka 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2.200. Dawa ya kukinga ilikuwapo, na wanganga walikuwapo. Lakini watu wengi hawakusadiki. Walisikia kwamba ugonjwa ni siasa, ao ni biashara, na wengine walipiga mawe watu wa afya. Dawa peke yake haikutosha. Ilihitajiwa vilevile mutu wa kueleza, ambaye watu wanamusadiki.

Basi, mali ya mwandishi wa sayansi ni moja tu: kusadikiwa. Musomaji hana chombo cha kupima kama habari ni ya kweli. Hana mikroskopi nyumbani. Anategemea yule aliyeandika. Tushike neno hili, maana tutalirudia mbele.

WATU 12 WA NEW YORK

Mwaka 1934, waandishi 12 walikutana katika muji wa New York na kuanzisha chama kinachoitwa National Association of Science Writers. Prezida wa kwanza alikuwa David Dietz, aliyeandikia magazeti ya Scripps-Howard, naye alikaa katika muji wa Cleveland. Pamoja naye walikuwa watu kama William L. Laurence wa New York Times, John J. O'Neill wa New York Herald Tribune, Howard Blakeslee wa Associated Press, na Gobind Behari Lal, mutu wa India, mwandishi wa magazeti ya Hearst.

Angalieni vizuri majina ya magazeti yale. Yalikuwa magazeti ya kushindana. Kila asubui gazeti moja lilitaka kuuzwa kuliko lingine. Wakubwa wa Laurence na wakubwa wa O'Neill walitafuta wasomaji walewale katika muji uleule. Hata hivi watu hawa waliketi pamoja, sababu walikuwa na shida moja. Wakati ule profesa wengi waliogopa watu wa magazeti, maana magazeti yalipenda miujiza: leo dawa ya kuponyesha kila kitu, kesho mutu wa kwenda mwezini. Profesa mumoja akiisha kuchekwa na wenzake sababu ya habari mbaya, anafunga mulango kwa waandishi wote, hata wale wanaoandika sawasawa. Kosa la mumoja liliharibu njia ya wote. Kwa hiyo walihitaji chama.

Mwaka 1936 chuo kikubwa cha Harvard kilifanya sikukuu ya miaka 300. Wataalamu wa inchi nyingi walifika na kueleza kazi zao. Wale watano tuliowataja waliandika habari za mikutano ile, na mwaka 1937 walipewa pamoja zawadi ya Pulitzer, zawadi kubwa ya waandishi wa habari kule Marekani. Wote watano pamoja, watu wa magazeti ya kushindana! Lal alikuwa mutu wa kwanza wa kuzaliwa India kupata zawadi ile.

Leo chama kile kingali kinaishi, na wanamemba wanapita 2.000.

WAONGOZI WANAFANYA NINI?

Chama kina prezida, makamu, sekretere na mutunza feza, pamoja na wajumbe wengine wanaochaguliwa na wanamemba. Hawa wote hawana mushahara kwa kazi ile. Kila mumoja ana kazi yake ya kula: huyu anaandika gazetini, huyu anaandika vitabu, huyu ni wa chuo kikubwa. Kazi ya chama wanaifanya kisha kazi ingine.

Wanaangalia maombi ya watu wanaotaka kuingia. Mutu haingii kwa kusema tu «mimi ni mwandishi»: anaonyesha maandiko yake. Wanatayarisha mukutano wa mwaka. Wanachagua watu wa kuhukumu zawadi, maana toka mwaka 1972 chama kinatoa zawadi kwa maandiko yanayoonyesha ginsi sayansi inavyogusa maisha ya watu, kwa uzuri ao kwa ubaya. Wanasaidia wanafunzi wanaoanza kazi kupata mukubwa wa kuwaongoza. Tena wanapashwa kueleza feza ya muchango: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Chama kikikua, kinahitaji watu wachache wa kutumika kila siku: kujibu barua, kutunza majina, kulipa madeni. Hawa wanalipwa, na ni haki walipwe. Ni kusema, mutumishi wa ofisi anapata mushahara, lakini prezida anayemwagiza hapati. Watu wetu wengi watasema huu ni ujinga. Tuulize kwanza: juu ya nini walifanya hivi?

Sababu yake ni hii: kama kiti cha prezida kinaleta mushahara mukubwa, watu watagombania mushahara, na anayeingia hatataka kutoka. Kiti kisipoleta feza, anayekikubali anaweza kutoka siku yake ikifika bila kulala njaa. Anarudi kuandika habari zake, na mwingine anaingia. Ni rahisi zaidi kuacha kiti ambacho hakikulishi.

Hata katika Biblia tunaona namna inayofanana na hii. Katika kitabu cha Matendo, wakati manunguniko yalipotokea juu ya chakula cha wajane, mitume hawakufanya wao wenyewe mambo yote. Waliita mukutano, na watu saba wakachaguliwa, watu wenye sifa njema. Hawakutafuta matajiri. Walitafuta watu wa kusadikiwa.

PAHALI HATARI ILIPO

Lakini tusidanganyane. Kutumika bila mushahara hakumufanyi mutu kuwa malaika. Tunaona hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni uvivu unaovaa nguo ya ukarimu. Mutu anakubali kazi mbele ya watu wote, wanapiga makofi, kisha hafanyi. Ukimuuliza, anajibu: «Ninyi munanilipa?» Hili ni neno baya kuliko yote katika chama cha kujitolea. Yule asiyelipwa anaweza kukataa kazi, na hakuna mutu wa kumulaumu. Lakini akiisha kukubali, kazi ni deni. Kama hakuikubali, mwingine angeifanya.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi: mushahara unaotoka pahali pengine. Turudi kwa William Laurence, mumoja wa wale waliopata zawadi mwaka 1937. Mwaka 1945, Generali Leslie Groves, mukubwa wa kazi ya siri ya kutengeneza bombi ya atomiki, alimwomba atumikie serikali. Laurence alikubali. Alibaki mutu wa New York Times, na wakati uleule aliandika matangazo ya serikali juu ya bombi. Aliona jaribio la kwanza tarehe 16 Julai 1945. Tarehe 9 Agosti alikuwa ndani ya ndege moja iliyofuatana na ile iliyotupa bombi juu ya muji wa Nagasaki. Kisha vita, mwezi wa Septemba, habari zilitoka Japani kwamba watu waliopona moto wanaendelea kufa kwa ugonjwa wa mionzi. Laurence aliandika gazetini kwa kupinga habari zile, kama serikali ilivyotaka. Habari zile zilikuwa za kweli. Mwaka 1946 alipata zawadi ya Pulitzer tena, sababu ya maandiko yake juu ya bombi.

Sisi wa Kongo hatuwezi kusoma habari hii kama hadisi ya mbali. Uranium nyingi ya kazi ile ilitoka kwetu, Shinkolobwe katika Katanga. Tani karibu 1.200 zilikuwa zimefikishwa New York mwaka 1940 na kampani iliyochimba, na zingine zilifuata. Wachimbaji wetu waliotoa mawe yale hawakuambiwa yatafanya kazi gani. Mwenye kujua alinyamaza, na mwenye kalamu alikuwa na wakubwa wawili.

Hatusemi Laurence hakuwa na akili ao kwamba hakujua kuandika. Alijua sana. Lakini musomaji aliyefungua gazeti asubui aliwaza kwamba anasikia shahidi, kumbe alisikia vilevile sauti ya serikali. Hapa ndipo tunarudia lile neno tuliloshika: mali ya mwandishi ni kusadikiwa, na mali hii haiuzwi mara mbili.

Wale wa chama wanajua hatari hii. Wanamemba wao ni wa namna mbili: wengine wanaandika habari kwa magazeti, wengine wanalipwa na vyuo, na hospitali, na ofisi za serikali ili kueleza kazi za mabwana wao. Wote wawili wanafanya kazi ya haki. Lakini ulizo linakuja: nani anaweza kuwa prezida na kusema kwa jina la wote? Kwa muda murefu sheria ya chama ilitaka wakubwa wale wawe watu ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni kuandika habari. Wengine walisema sheria hii ni ya haki, sababu siku chama kinapopigania waandishi kuingia katika ofisi iliyofungwa, prezida hawezi kuwa mutu wa ofisi ileile. Wengine walisema inawatupa inje watu wema wanaotaka kutumika. Walibishana sana. Sisi tunaona mabishano yale si aibu. Chama kinachouliza wazi «wewe unalipwa na nani?» kingali na afya.

NA SISI JE?

Tukubali kosa letu. Trimestri iliyopita namba moja ya bulletini ilichelewa majuma matatu. Mwenzetu mumoja alikuwa amekubali kuandika stensili, hakuandika. Na sisi wengine tuliogopa kumuuliza, sababu tulisema moyoni: anatumika bure, tutamugombeza namna gani? Kosa lilikuwa lake, lakini lilikuwa letu zaidi. Hatukumusaidia kusema «siwezi», na hatukumupa kazi ile mwingine.

Kwa hiyo, siku ya kuchagua komite mupya, tunaomba wanafunzi waulize kila mutu maneno manne.

Kwanza: una wakati, ao unataka jina tu? Pili: ukishindwa, utasema mapema? Tatu: utaleta hesabu ya karatasi na wino mbele ya wote, bila kungoja kuulizwa? Ine: kuna mutu, rafiki ao mukubwa, ambaye hutaweza kuandika kosa lake sababu anakupa kitu?

Anayejibu vizuri maneno haya, tumuchague, hata kama si mwenye kusema sana. Kisha tusimwache peke yake. Mutu wa kujitolea hachoki sababu ya kazi tu. Anachoka zaidi anapoona kwamba wale waliopiga makofi siku ya kwanza hawaonekani tena.

Na wale wanaouliza waongozi wanakula nini, tunawajibu: hawakuli kitu, na wasile. Lakini wakifanya vizuri, siku ugonjwa utakapofika tena, ao mulima ukiwaka moto, ao uvumi ukiingia shuleni, kutakuwa karatasi moja hapa ambayo watu wataisoma na kuisadiki. Si kitu kidogo.

Komite ya bulletini