Dhambi Isiyohitaji Chuki

Mtu akiulizwa kama ni mbaguzi, hujitazama moyoni. Asipokuta chuki humo, anaona hana kesi ya kujibu. Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki hayamwachii apite kirahisi hivyo. Yanakubali kwamba chuki ya rangi ni dhambi, lakini yanaongeza jambo zito zaidi: ubaguzi hukaa pia katika sheria, desturi na taratibu ambazo watu wapole, wasio na neno na mtu, huziendesha kila siku. Sura hii inatetea hoja kwamba nyongeza hiyo ndiyo moyo wa mafundisho haya, na ndiyo iliyowagharimu zaidi maaskofu waliothubutu kuitekeleza.

Msingi wake ni wa kale: binadamu wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu na wana asili moja. Karne ya 20 iliulazimisha msingi huo useme waziwazi. Mwaka 1937 Papa Pius XI aliwaandikia Wakatoliki wa Ujerumani, kwa Kijerumani, akikemea kuigeuza rangi na damu kuwa sanamu ya kuabudiwa. Oktoba 1939, vita ikiwa imeanza, Pius XII alitoa waraka juu ya umoja wa wanadamu, na humo akatangaza kwamba kwenye Sikukuu ya Kristo Mfalme angewaweka wakfu maaskofu 12 wa mataifa mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda. Papa hakuishia kuandika kwamba watu ni sawa. Alimkabidhi Mwafrika mamlaka ya kuongoza. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba kumbagua mtu katika haki zake za msingi kwa sababu ya rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Mafundisho haya yalipotoka kwenye karatasi yakaingia mitaani, mtihani wake mkali mmojawapo ulikuwa New Orleans, Marekani. Jimbo kuu hilo lilikuwa na Wakatoliki Weusi tangu enzi za utumwa, lakini walikaa mabenchi ya nyuma, wakawangoja Wazungu wamalize kukomunika ndipo nao wasogee, na watoto wao walisoma shule za peke yao. Wengi waliofuata utaratibu huo waliukuta tu, wala hawakudhani wanamkosea mtu. Mwaka 1953 Askofu Mkuu Joseph Rummel aliamuru utengano ukome katika mabenchi, komunyo na kitubio. Mwaka 1955, huko Jesuit Bend, ndani ya jimbo kuu hilo, padre Mweusi aliyekwenda kuadhimisha Misa alizuiwa. Rummel akasimamisha ibada katika kanisa hilo. Mwaka uliofuata akafundisha kwamba utengano wenyewe ni dhambi, kwa kuwa unakana umoja wa wanadamu. Shabaha yake haikuwa chuki ya huyu au yule, bali mpangilio wote. Hapo ndipo moto ulipowaka. Walei waliunda chama cha kumpinga, wakakata rufaa kwa Papa, na Rummel mwenyewe akasita: shule zilibaki zimetengwa miaka 6 zaidi. Mwaka 1962 hatimaye alizifungua kwa watoto wa rangi zote, akawatenga na Kanisa wapinzani watatu, akiwemo mwanasiasa Leander Perez.

Wapo wanaouliza: mpangilio unawezaje kutenda dhambi, wakati dhambi inahitaji dhamiri na hiari? Swali ni la haki, na Yohane Paulo II alilijibu. Mwaka 1984 alieleza kwamba dhambi ya jamii ni jumla ya dhambi za watu wengi, wakiwemo wale ambao wangeweza kuzuia uovu wakaacha kwa uvivu, kwa woga au kwa kutojali. Kwa hiyo hakuna mtu anayefutiwa wajibu kwa kusingizia mfumo. Anayejua kwamba benchi la nyuma limetengewa wenzake, naye akaendelea kukaa mbele kwa raha, ameshiriki, hata kama anawaombea mema kila jioni.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: Kanisa lenyewe limebagua, basi lina uso gani wa kufundisha? Ni kweli limebagua. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikasaidia kulipa madeni ya chuo cha Georgetown. Lakini tazama jinsi mauzo hayo yalivyofanyika. Watumwa walikuwa wamebatizwa, na mkuu wa shirika huko Roma aliruhusu wauzwe kwa sharti kwamba familia zisitenganishwe na waendelee kupata huduma za dini. Masharti hayakuheshimiwa ipasavyo. Na hata yangeheshimiwa, mtu angebaki bidhaa. Huruma ilikuwepo, ila iliuzunguka utumwa bila kuugusa. Kosa hilo haliyabomoi mafundisho; linaonyesha kwa nini nia njema peke yake haitoshi. Maaskofu wa Afrika Kusini walilielewa hilo mwaka 1957: walipouita msingi wa apatheidi uovu kwa asili yake, walikiri papo hapo kwamba utengano ulikuwepo pia katika shule na seminari zao.

Msomaji wa Maziwa Makuu asidhani hii ni habari ya Wazungu na Weusi tu. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho kuanzia miaka ya 1930, na shule za misheni zikapendelea upande mmoja. Mipaka iliyochorwa kiofisi ikaja kutumiwa na wauaji katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, katika nchi yenye Wakatoliki wengi. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016 kwa ajili ya Wakatoliki walioshiriki, na Papa Fransisko akaomba msamaha wa Mungu mwaka 2017.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, toba ya ubaguzi haiwezi kuishia kwenye kitubio. Anayejichunguza hana budi kuuliza ni nani anayepokelewa shuleni, nani anayepewa kazi, nani anayekaa mezani pa maamuzi, na kanuni gani inawaacha wengine nje. Kanuni hiyo ikishajulikana, kuibadilisha ni sehemu ya toba yenyewe.